Mji Uliogeuka Kisiwa: Somo la Kujiweka Tayari kwa Maafa



Mtu wa Lamu au wa Pate akisikia neno kisiwa hufahamu maana yake pasi na kufasiriwa: ni mahali ambapo mtu hatoki wala haingii ila kwa chombo. Mtu wa Garissa hakuwa na haja ya kulifikiri sana neno hili, kwani mji wake uko bara, katika nchi kavu ya ngamia na migunga, nao umeungana na Nairobi kwa barabara ya lami. Lakini katika Novemba 2023, na tena katika Aprili na Mei 2024, Garissa iligeuka kisiwa. Mto Tana ulitoka katika kingo zake, ukaifunika barabara upande wa Madogo na Mororo, na watu waliokuwa wakivuka kwa basi wakawa wanavuka kwa mashua. Bei za vitu zikapanda, wagonjwa wakashindwa kufikishwa walikotakiwa, na aliyekuwa na safari akakaa akiyatazama maji.

Wala haya hayakuwa ya Garissa peke yake. Mto ule ule ukishuka Hola na Garsen, kabla ya kuingia baharini Kipini, uliifunika barabara ya Lamu pale Gamba na Lango la Simba. Hivyo watu wa Lamu, ambao tangu hapo ni watu wa kisiwa, wakawa visiwani mara mbili: mara moja kwa maji ya chumvi, na mara moja kwa maji matamu. Basi asidhani msomaji wetu wa pwani kuwa khabari za Garissa ni khabari za mbali. Maji yanayopita chini ya daraja la Garissa leo yatapita karibu na jirani zake baada ya siku chache.

Tumelichagua somo hili kwa sababu ya swali tuliloulizwa na mmoja katika wanafunzi wetu. Alisema: ikiwa mvua ni amri ya Mungu, na mto ni amri ya Mungu, kuna faida gani kujifunza namna ya kuyakabili maafa? Na mwingine akaongeza kuwa wale wanaotangaza mvua kabla haijanya wanajidai kujua ghaibu. Tuliona si vyema kulijibu swali hili kwa neno moja, bali tulitazame jambo lenyewe tangu mwanzo wake.

Tuanze na mvua. Watu wengi hudhani kuwa mvua ya Garissa ni jambo la Garissa, na kumbe ufunguo wake umo katika bahari yetu hii hii. Kwa desturi maji ya Bahari ya Hindi upande wa mashariki, karibu na Sumatra, huwa na joto kuliko ya upande wetu. Miaka mingine jambo hili hubadilika: upande wetu hupata joto zaidi ya kawaida na upande wa Sumatra ukapoa. Hapo mawingu na mvua hutuelekea sisi, na vuli, ambayo Wasomali huiita deyr, hunya kwa wingi usiokuwa wa kawaida. Mwaka 1961 ulikuwa hivyo, na wazee wanaikumbuka mvua ile iliyokuja mara tu baada ya ukame. Mwaka 1997 ulikuwa hivyo, na 2019, na 2023 pia. Na katika 1997 na 2023 ilizidishwa nguvu na ile hali ya Bahari ya Pasifiki iitwayo El Niño. Mambo yakigeuka kinyume, vuli hukosekana. Tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya kunya inavyotakiwa, na katika Kenya peke yake walikufa mifugo zaidi ya milioni 2.5. Mtu aliyekuwa na ngamia, ng'ombe na mbuzi akabaki na fimbo yake.

Wataalamu wa mambo ya hewa walioupima ukame ule walikadiria kuwa kuongezeka kwa joto la dunia kumeufanya uwezekane mara mia hivi kuliko zamani. Na wakasema kuwa mvua za mwisho wa 2023 ziliweza kufika maradufu ya nguvu zake kwa sababu hiyo hiyo. Tazama basi ilivyo ajabu: nchi moja, watu wale wale, katika muda wa mwaka mmoja wametoka katika kiu wakaingia katika gharika. Na la kwanza huliandaa la pili. Ardhi iliyokauka miaka mitatu na kukosa majani huwa haiyashiki maji. Yakinyesha hutiririka yote kwa pamoja katika malaga, yale mabonde makavu ambayo mgeni huyadhania kuwa ni njia, na hufika mtoni kwa kishindo.

Tena kuna jambo la mabwawa. Juu huko, katika nchi za milimani, Tana umezuiwa kwa mabwawa matano ya umeme. La Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, na la Masinga, ambalo ndilo kubwa na ndilo la kwanza kuyapokea maji, mwaka 1981. Mabwawa haya yamezipunguza zile furiko ndogo za kila mwaka. Watu wakaona mto umetulia, wakasogea: wakalima kandokando, wakajenga mabondeni, katika mitaa kama Bakuyu na Bulla Punda. Lakini bwawa likijaa halina la kufanya ila kuyaachia maji, na Masinga lilipofurika mwaka 2024 walioumia ni wale waliouamini utulivu wa mto. Hatusemi haya kwa kuwalaumu. Mtu hujenga anapopata mahali. Twasema ili ijulikane kuwa mto haukuyasahau mapito yake.

Sasa turudi kwenye lile swali la ghaibu. Nahodha wa Kiamu akitazama mbingu jioni akasema kesho pepo zitachafuka, hapana aliyemwita mpiga ramli. Mfugaji wa Wajir hutazama nyota na maua ya migunga akajua kuwa gu iko karibu, wala hapana aliyemkufurisha. Wote wawili hawajui ghaibu. Wanaijua desturi ya mambo kama walivyoiona. Mtu wa idara ya hali ya hewa naye hafanyi zaidi ya hayo, ila macho yake ni vyombo vilivyoko baharini na angani, na huona mbali zaidi. Hukosea pia, kama nahodha anavyokosea. Mwaka 2023 ilitangazwa mapema kuwa mvua kubwa inakuja, kisha katika Oktoba kukasemwa hadharani kuwa haitakuwa kali kama ilivyodhaniwa, na wengi waliokuwa wameanza kufunga mizigo wakaifungua. Mvua ikaja. Funzo tulipatalo hapa si kuacha kuwasikiliza wataalamu, bali ni kuwa matayarisho ya mtu mwenye akili yasitegemee tangazo moja tu. Mwenye mashua hatoi tanga lake la akiba chomboni kwa kuwa leo bahari ni shwari.

Na ama swali la kwanza, jibu lake limo katika khabari ya Nabii Yusuf, ambayo kila mtoto wa chuoni anaijua. Aliambiwa kuwa miaka ya njaa inakuja, na hakuwaambia watu wa Misri wakae wangoje. Aliwaambia waweke akiba ya nafaka miaka saba. Tunaona hilo latosha, na hatutaki kurefusha.

Tutakalolirefusha ni mambo mawili yaliyotokea huku kwetu, kwani katika hayo kuna elimu ambayo watu wamekufa ili sisi tuipate.

La kwanza ni homa ya Bonde la Ufa. Maradhi haya yalitambuliwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, mwanzo wa miaka ya 1930, katika kondoo. Huenezwa na mbu ambao mayai yao hukaa katika udongo mkavu wa madimbwi, miaka na miaka, bila ya kufa. Yakija mafuriko, mayai huanguliwa mamilioni kwa mara moja, na baadhi ya mbu hao huzaliwa wakiwa na maradhi tayari. Huwauma mifugo kwanza. Alama yake kubwa ni mbuzi na kondoo kuharibu mimba kwa wingi, na wadogo kufa. Kisha maradhi huwafikia watu, kwa kuumwa na mbu, na zaidi kwa kugusa damu na nyama ya mnyama mgonjwa, au kumzalisha, au kunywa maziwa yasiyochemshwa. Wengi huona homa ikawaachia; wachache hutokwa na damu, na hao aghlabu hawaponi. Baada ya mvua za 1997 yalienea katika wilaya ya Garissa, na ilikadiriwa kuwa watu 27,500 katika wilaya hiyo peke yake waliambukizwa.

Yakarudi mwisho wa 2006. Na hapa ndipo penye funzo. Safari hii wataalamu wa ng'ambo, kwa kutazama joto la bahari na ukijani wa nchi kutoka angani, walikuwa wametoa onyo majuma kadhaa kabla ya mtu wa kwanza kujulikana kuwa anaugua. Na wafugaji wa Kisomali wa huku, bila ya chombo chochote, nao walikuwa wameona: mvua isiyo ya kawaida, mbu wengi kupita kiasi, mimba kuharibika, na mifugo kutokwa na damu puani, jambo ambalo wana jina lake katika lugha yao, sandik. Wa angani wameona, na wa ardhini wameona. Baina yao hapakuwa na wa kuziunganisha khabari hizi mbili kwa haraka na kuzigeuza kuwa kitendo. Serikali ilizuia kuhamisha na kuchinja mifugo katika sehemu zilizopatwa, lakini maradhi yalikwisha kuingia. Na wakati ule ndio Idi ya Kuchinja ilikuwa ikikaribia, mwisho wa Disemba, siku ambazo kila nyumba hushika kisu. Ilipofika Machi 2007 walikuwa wamehesabiwa katika Kenya wagonjwa 684, na katika hao 155 wamekufa.

Twamwomba msomaji asimame kidogo hapa. Mtu anayemchinja mbuzi aliyezubaa kwa maradhi ili asife kibudu hudhani kuwa ameokoa mali. Baada ya mafuriko, desturi hiyo huweza kumuua yeye na anayemsaidia kuchuna. Hili ni la kufundishwa katika kila msikiti na kila soko la mifugo: mvua ikizidi na mimba zikaanza kuharibika, usichinje mgonjwa, usiguse kilichotoka kwa mikono mitupu, chemsha maziwa, mpelekee khabari daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, wala usingoje mpaka augue mtu. Chanjo ya mifugo ipo, nayo hufaa ikitangulia mafuriko, si ikiyafuata.

La pili ni la mashua. Tarehe 28 Aprili 2024, pale Kona Punda, baina ya Madogo na Garissa, mashua iliyokuwa ikiwavusha watu katika barabara iliyofunikwa na maji ilipinduka. Watu 23 waliokolewa na wengine wakafa maji. Wengi wetu tuliiona picha yake, kwani ilichukuliwa na watu waliokuwa wakitazama. Sisi watu wa pwani, tuliozaliwa na vyombo, tuliitazama kwa uchungu wa namna yake, maana tuliona kila kosa kabla halijatimia: watu wamejaa kupita kiasi, hapana hata mmoja tuliyemwona akiwa na jaketi la kuokolea, na maji yanayokwenda kwa nguvu, ambayo si sawa na maji ya bandarini. Mto uliofurika huficha chini yake visiki, nyaya na mitaro ya barabara. Anayejua mashua ya baharini hajui kwa sababu hiyo kuvuka mto. Na huko Tana wapo watu waujuao, Wamunyoyaya na Wapokomo, ambao wamevuka na kuvua humo vizazi kwa vizazi. Lau katika siku za kiangazi wangekaa watu hawa pamoja na serikali ya mahali, wakaamua vituo viwili vitatu vya kuvukia, na idadi ya watu kwa kila chombo, na nani ana amri ya kusema leo hapavukwi, huenda siku ile ingepita kama siku nyingine.

Majuma matatu kabla ya hapo, tarehe 9 Aprili, siku moja kabla ya Idi, basi moja liliingia katika maji katika barabara hiyo hiyo ya Garissa likakwama, na abiria 51 wakaokolewa na Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa mashua. Salama ile ilikuwa ni onyo. Dereva aonaye maji yanapita juu ya lami hawezi kujua kama lami ingali chini yake. Na maji yasiyofika hata kifundoni juu ya ngazi ya basi huweza kulisukuma, yakiwa yanakwenda kasi. Abiria ana haki ya kusema: tuteremshe. Tumezoea kuona haya kumwambia dereva neno, na haya hiyo si adabu.

Huenda mtu akauliza, je, mafunzo haya yana faida iliyoonekana popote? Ipo. Katika Bangladesh, nchi ya Waislamu wenzetu iliyo chini kama delta yetu ya Tana, na yenye visiwa vingi mdomoni mwa mito, tufani ya Novemba 1970 ilikipiga kisiwa cha Bhola na jirani zake, ikaua watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi. Tufani ilikuwa imeonekana ikija. Kilichokosekana ni njia ya kuwafikia watu na mahali pa kukimbilia. Mwaka 1972 wakaanza mpango wao: katika kila kijiji wakachaguliwa watu wa kujitolea, wakafundishwa kupokea khabari kwa redio, kupita nyumba kwa nyumba na kipaza sauti cha mkononi, kutundika bendera moja, mbili au tatu kwa kadiri ya khatari, na kuwabeba wasiojiweza. Hawakufaulu kwa siku moja. Mwaka 1991 tufani nyingine iliua watu kama 138,000, kwani majengo ya kukimbilia yalikuwa machache, na wanawake wengi waliona aibu, au waliogopa, kutoka nyumbani bila ya idhini. Wakalitengeneza hilo pia: majengo yakaongezwa, na wanawake wakaingizwa katika wale wa kujitolea, mpaka leo ni nusu yao. Ilipokuja tufani kubwa ya 2007 walikufa zaidi ya 3,000. Ni wengi, lakini si mia tatu elfu.

Na huku kwetu, tarehe 26 Disemba 2004, wimbi lile lililotoka Sumatra lilichukua saa nyingi kutufikia. Khabari zilitangulia, polisi wakawaondoa watu katika fukwe za Mombasa na Malindi, na katika Kenya nzima akafa mtu mmoja. Katika pwani ya Somalia, khasa huko Hafun, walikufa karibu 300. Ni kweli, na yatupasa tuseme, kuwa pwani yetu haikupigwa kwa nguvu kama ile. Lakini siku ile ilikuwa ya mapumziko na fukwe zimejaa watu.

Kuhusu akiba ya mali tutasema machache. Mfugaji asiweke mali yake yote kwa miguu. Auze baadhi mapema, kabla ya ukame kuwakondesha na bei kuanguka. Na iko bima ya mifugo ya namna ya takaful, isiyokuwa na riba, ambayo hulipa pale majani yanapoonekana kukauka kwa kipimo cha kutoka angani. Wafugaji wa Wajir walilipwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Si dawa ya kila kitu, na baadhi yao hulalamika kuwa kipimo cha angani hakilingani na waliyoyaona wenyewe malishoni. Tutalirudia somo hili peke yake, kwa kuwa lina mambo ya fiqhi yanayotaka nafasi.

Yaliyobaki ni ya mtaani. Kila mtaa ulio bondeni ujue mapema mahali pake palipoinuka: shule, chuo au msikiti, na njia ya kufikia hapo usiku. Ukurasa wa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na hati ya shamba vikae katika mfuko mmoja wa nailoni, karibu na mlango. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa tangu siku ya kwanza ya mafuriko, kwani vyoo vikifunikwa na maji kipindupindu hakichelewi. Kipaza sauti cha msikiti kitumike kwa onyo, na liwekwe neno moja linalojulikana na wote, kwa Kisomali na kwa Kiswahili, lisilotumiwa kwa jambo jingine lolote. Maana sauti ikizoeleka kwa matangazo ya kila namna, siku ya khatari haitamshtua mtu. Na wanawake wawemo katika halmashauri ya jambo hili tangu siku ya kwanza, kwa sababu wao ndio wajuao nani yumo nyumbani saa ya mchana.

Katika darasa la juma lililopita tulijaribu kidogo. Tuliwauliza waliohudhuria: katika nyumba ya nani kuna mtu asiyeweza kutembea? Mikono minne ikainuka. Tukauliza: maji yakija usiku, nani atambebaye? Wawili walisema wao wenyewe, ingawa mmoja wao ni mzee wa makamo mwenye maumivu ya mgongo. Wa tatu alisema mwanawe, ambaye yuko Nairobi kazini. Wa nne hakujibu. Majina ya wale wanne yameandikwa katika daftari la darasa, na mbele ya kila jina yameandikwa majina ya vijana wawili wa mtaa ule ule. Jumamosi ijayo baada ya alasiri vijana hao watakwenda kuzijua nyumba hizo, na kukipima kitanda kama chapita mlangoni.